Wasia wa Kanoniko Busleyden
Mali na karatasi za koleji moja ya kale ya Leuven



Kamati ya yubile ilipoanza kukusanya habari za parokia, jambo la kwanza lililotushinda halikuwa la ubatizo wala la ndoa. Mabuku hayo yapo, yameandikwa kwa mkono mzuri, na hakuna anayeyabishia. Lililotushinda ni jambo la udongo: nani alitoa fasi hii ambako kanisa letu limesimama, alipewa nini, na kwa sharti gani? Wazee watatu waliulizwa, nao wakatoa majibu matatu. Wa kwanza alisema kwamba mwami alitoa bure. Wa pili alisema kwamba mwami alipewa vitambaa na chumvi. Wa tatu alisema kwamba aliyetoa si mwami, ni Leta, na mwami aliitwa tu ili aweke kidole. Kila mmoja alisema kadiri alivyosikia kwa baba yake, na hakuna aliyekusudia uongo. Lakini karatasi haikuonekana.

Mimi niliyeagizwa kuandika ukurasa huu wa historia nimeona vema nisiguse shauri hilo kabla halijaiva. Nitasimulia badala yake habari za fasi nyingine, mbali na hapa, ambako swali lilelile liliulizwa kwa muda wa karne tatu na zaidi. Fasi hiyo ni Leuven, mji wa Ubelgiji ambao wenye kusema Kifaransa huuita Louvain. Jina lake si geni kwetu. Mapadri Weupe walikuwa na nyumba yao ya teolojia huko Heverlee, kando ya Leuven, na wengi wa Wabelgiji waliokuja kuhubiri upande huu wa mashariki ya Kongo walipitia pale. Tena universite ya kwanza ya inchi yetu iliitwa Lovanium, yaani Leuven kwa Kilatini. Kwa hiyo tunapotazama mali na karatasi za Leuven, tunatazama nyumba ya bibi yetu.

Universite ya Leuven ilianzishwa kwa hati ya Papa Martino V ya tarehe 9 Desemba 1425, kwa ombi la Jean IV, mtawala wa Brabant, pamoja na wakubwa wa mji na wakanoniko wa kanisa la Mtakatifu Petro. Mwaka 2025 ilitimizwa miaka 600 ya hati hiyo. Msomaji asidhani kwamba universite yenyewe ilikuwa tajiri. Maprofesa wengi waliishi kwa mapato ya altare na ya vyeo vya ukanoniko. Mali ya kweli, yaani mashamba, nyumba, misitu na feza za kila mwaka, ilikuwa mikononi mwa zile nyumba ndogo zilizoizunguka universite, nazo ndizo zilizoitwa koleji. Kila koleji ilikuwa na mwanzilishi wake, wasia wake, sanduku lake na wasimamizi wake. Koleji ilikuwa kama ukoo: ina babu, ina urithi, na ina watu wanaogombana juu ya urithi ule.

Baadhi ya mababu hao ni watu wakubwa. Adriaan wa Utrecht, mwana wa fundi, alikuwa profesa na rektori wa Leuven kabla ya kuchaguliwa kuwa Papa kwa jina la Adriano VI mwaka 1522. Alipokufa mwaka 1523 aliacha nyumba yake ya Leuven kwa ajili ya wanafunzi maskini wa teolojia. Nyumba hiyo iliitwa Koleji ya Papa. Ilijengwa upya katika karne ya 18, na hata leo wanafunzi wanalala humo. Lakini mimi nataka kumsimulia mwingine, ambaye hakuwa Papa wala askofu, na ambaye wasia wake uliwasumbua watu kuliko wa Papa.

Jina lake ni Hieronymus van Busleyden. Alizaliwa Arlon, akasomea sheria, akawa kanoniko wa Mechelen na mshauri katika Baraza Kuu lililokuwa likihukumu kesi za inchi zile. Alikuwa mtu wa feza na mtu wa vitabu. Nyumba yake ya Mechelen ilikuwa nzuri hata Thomas More, Mwingereza ambaye Kanisa limemtangaza mtakatifu mwaka 1935, aliitunga mashairi baada ya kufika pale mwaka 1515. Erasmus wa Rotterdam, mtaalamu mkubwa wa maandiko wakati ule, alikuwa rafiki yake. Mwaka 1517 Busleyden alitumwa kwenda Hispania pamoja na watu wa Mfalme Karolo. Aliugua njiani, na mwezi wa Agosti akafa Bordeaux, katika Ufaransa, bila kufika.

Kabla ya kuondoka alikuwa ameandika wasia. Alitaka feza yake ianzishe huko Leuven masomo ya lugha tatu: Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Maprofesa watatu walipwe na urithi wake, na wanafunzi kadhaa maskini walishwe kwa urithi huohuo. Na hili ndilo lililokuwa jipya: masomo yawe bure, mlango uwe wazi, kila mwenye kutaka aingie asikilize. Mtu asiyekuwa na feza mfukoni aliweza kusikia Kigiriki cha Injili kikielezwa, kwa sababu marehemu alikuwa amekwisha kumlipia.

Wasia ni maneno ya mtu asiyeweza tena kujitetea. Basi, waliobaki ndio waliotakiwa kusimama. Ndugu yake Gilles, pamoja na wenzake waliotajwa katika wasia, walitafuta koleji iliyokwisha kujengwa ili waingize humo masomo ya marehemu. Walijaribu katika koleji ya Mtakatifu Donatiano, na haikuwezekana. Hapo, kwa shauri la Erasmus, waliamua kufungua koleji ya peke yake. Masomo yalianza Septemba 1518 katika vyumba vya kuazima kwa watawa wa Mtakatifu Augustino. Kisha wakanunua nyumba karibu na Soko la Samaki, na mwaka 1520 wakahamia huko. Jina lake kwa Kilatini lilikuwa Collegium Trilingue, Koleji ya Lugha Tatu. Wengine waliiita tu ya Busleyden.

Wenye vyeo vya universite hawakufurahi. Waliuliza: maprofesa hawa ni wa nani, kama hatukuwaweka sisi? Wateolojia kadhaa waliogopa kwamba vijana watayasoma Maandiko Matakatifu kwa Kigiriki na Kiebrania, kisha warudi kuwasahihisha walimu wao, hofu ambayo kwa kweli haikuwa bure. Mwaka 1519 mabishano yalikuwa makali. Mwaka 1520 universite ikakubali koleji iwe moja ya nyumba zake. Kama koleji ingetegemea feza ya wale waliokuwa wakiipinga, ingalikufa katika mwaka wa kwanza. Haikufa, kwa sababu mishahara ya maprofesa wake ilitoka katika mali iliyoandikwa kwa jina lake, na hakuna mkubwa aliyeweza kuifunga mkono.

Na matunda yalionekana upesi. Rutger Rescius alifundisha Kigiriki, Conrad Goclenius Kilatini. Mwaka 1530 mfalme wa Ufaransa, François wa Kwanza, alianzisha Paris masomo ya lugha ya namna hiyohiyo, akilipa maprofesa kwa feza yake mwenyewe. Kati ya waliosoma Leuven katika miaka ile yuko padri Nicolas Clenardus, mwana wa Diest, aliyetunga vitabu vya sarufi ya Kiebrania na ya Kigiriki ambavyo vilitumika mashuleni kwa vizazi vingi. Baadaye alitamani Kiarabu. Alikitafuta Hispania, na mwaka 1540 akavuka bahari mpaka Fez, katika Maroko, ili ajifunze kwa wenyewe. Aliingia Afrika bila bunduki wala bidhaa, akitafuta walimu. Watu wa namna hiyo walikuwa wachache.

Sasa tutazame sanduku. Koleji ya wakati ule iliishi kwa karatasi za aina nne au tano, na anayetaka kuelewa mali ya Kanisa ya zamani lazima azifahamu. Ya kwanza ni wasia wenyewe, au hati ya mwanzilishi, iliyoandikwa juu ya ngozi ya mnyama na kutiwa mihuri. Ndiyo mama wa zote. Ya pili ni hati za kununua: shamba hili, mpaka wake ni kijito, upande wa pili ni shamba la fulani. Wakati ule hapakuwa na ramani ya kila kipande cha udongo. Mpaka ulielezwa kwa maneno, na jirani ndiye aliyekuwa ramani. Jirani akifa na mtoto wake akiuza, maneno ya hati hayasomeki tena juu ya ardhi. Kwa sababu hiyo wasimamizi wenye akili waliandikisha mipaka upya mara kwa mara, wakiwaita wazee wa kijiji washuhudie.

Ya tatu ni zile za rente. Jambo hili linataka maelezo. Kanisa lilikataza kukopesha feza kwa faida. Lakini mtu, au mji mzima, aliweza kuuza haki ya kupokea mapato: nipe leo feza nyingi, nami nitakupa kila mwaka, sikukuu fulani, kiasi hiki kutoka katika nyumba yangu au katika kodi ya mji wetu. Marehemu wengi walioacha mali kwa koleji waliacha rente kuliko mashamba, kwa kuwa rente haihitaji jembe. Nyingine zililipwa kwa feza, nyingine kwa vipimo vya nafaka. Tofauti hiyo ilionekana ndogo siku ya kuandika. Mtaona baada ya kitambo ilivyokuwa kubwa.

Ya nne ni buku la hesabu. Kila mwaka msimamizi wa koleji aliandika yaliyoingia na yaliyotoka, na wakaguzi wakayatazama. Humo mnasomwa bei ya mkate, ya nyama, ya mishumaa, ya vigae vya paa lililovuja. Deni la mkulima aliyeshindwa kulipa kwa sababu askari walipita shambani mwake. Mshahara wa profesa uliochelewa. Nasema wazi kwamba buku la hesabu ni ushahidi bora kuliko hotuba za siku ya sikukuu. Hotuba husema koleji ilikusudia nini. Buku la hesabu husema ilikula nini.

Na ya tano, ambayo sisi Waafrika tutaielewa upesi kuliko Wazungu wa leo, ni karatasi za ukoo. Waanzilishi wengi wa Leuven waliacha kile kinachoitwa bursi, yaani feza ya kumsomesha kijana. Lakini kijana gani? Hati ilipanga: kwanza wa damu yangu, akikosekana, mzaliwa wa kijiji changu, akikosekana, yeyote aliye maskini na mwenye akili. Tena ilitaja nani ana haki ya kumchagua, pengine mkubwa wa ukoo, pengine padri wa kijiji. Kwa hiyo jamaa zilitunza majina ya mababu zao kwa bidii, kizazi kwa kizazi, kwa kuwa siku moja mtoto wao angeweza kuhitaji kuonyesha kwamba anatoka kwa dada ya kanoniko fulani aliyekufa miaka 200 iliyopita. Kwetu wazee huimba majina ya mababu usiku wa matanga. Kule waliyaandika na kuyapeleka kwa notere.

Mali ya Busleyden haikubaki na nguvu yake ya kwanza. Rente iliyoandikwa kwa feza haibadiliki: kama hati inasema vipande kumi, vitalipwa kumi hata mkate ukipanda bei mara tatu. Na katika karne ya 16 bei zilipanda sana katika Ulaya yote. Rente za nafaka zilikwenda pamoja na bei ya nafaka, lakini zile za feza zilikauka kama kisima wakati wa jua. Juu ya hayo vilikuja vita vya Wahispania na Waprotestanti baada ya mwaka 1570. Mashamba yaliachwa bila watu, Leuven iliingiwa na askari na tauni, na Koleji ya Lugha Tatu ilinyamaza kwa miaka mingi. Ilifunguliwa tena katika karne ya 17 na kuendelea, lakini haikurudia sifa ya kwanza. Hakuna aliyeiba. Hesabu ya mwaka 1517 tu haikulingana na mkate wa mwaka 1600, na aliyeandika wasia hakuwaza kwamba feza nayo huzeeka.

Habari za karne ya 18 nazipita haraka. Kaizari Josefu II alitaka kuitengeneza universite kadiri ya mawazo yake. Mwaka 1786 aliweka Leuven seminari kuu moja ya kulazimisha, katika ile Koleji ya Papa, na waseminari wakaasi. Alipokufa, mipango yake ilikufa pia.

Kisha Wafaransa wa mapinduzi wakaja. Ubelgiji uliunganishwa na Ufaransa mwaka 1795, na tarehe 25 Oktoba 1797 wakubwa wa wilaya waliamuru universite ifutwe. Ilikuwa inakaribia kutimiza miaka 372. Rektori wa mwisho, padri Jean-Joseph Havelange, alipelekwa utumwani Guyana, ng'ambo ya bahari, naye akafa huko mwaka 1798. Koleji zilitangazwa kuwa mali ya taifa. Nyingi ziliuzwa kwa watu wa biashara, au zikageuzwa kuwa kambi, hospitali, maghala. Nyumba ya Busleyden nayo iliingia mikononi mwa wengine. Sehemu ya majengo yake ingali imesimama karibu na Soko la Samaki, na kichochoro cha hapo kina jina lake.

Mtu angedhani kwamba hadithi imeisha. Lakini tazama njia ambayo karatasi zilifuata. Mwenye kutunza maktaba ya universite, padri Jan Frans van de Velde, alitoroka na sehemu ya maandiko ya maana ili yasianguke mikononi mwa adui. Alifanya kwa mapendo, hakuna wa kumlaumu. Lakini alipokufa mwaka 1823, alivyoviokoa vilitawanyika, vingine vikauzwa. Hati yenyewe ya Papa Martino V ilikaa Uholanzi na kurudi Leuven mwaka 1909 tu. Upande mwingine, Leta ya Wafaransa iliyonyang'anya mali ilihitaji kujua imenyang'anya nini: nani anadaiwa rente, shamba liko wapi, mkataba unaisha lini. Kwa sababu hiyo mabuku ya hesabu na hati za mali za koleji hazikuchomwa. Zilikusanywa na wasimamizi wa Leta, na mwishoni zikawekwa Bruxelles katika hifadhi ya maandiko ya inchi. Mnyang'anyi alitunza ushahidi wa alichonyang'anya.

Hapo ndipo wafu walipoanza tena kusema. Mali za bursi hazikuuzwa zote. Sehemu ilikuwa imewekwa kando kwa ajili ya elimu. Baada ya Napoleon kuanguka, Mfalme Guillaume wa Kwanza wa Uholanzi, ambaye alikuwa Mprotestanti, alitoa amri mwaka 1818 na nyingine mwaka 1823 kwamba bursi za zamani zirudishwe, zisimamiwe kwa kufuata maneno ya waanzilishi kadiri iwezekanavyo. Jamaa zilifungua masanduku. Padri wa kijiji alikumbuka kwamba hati ya zamani ilimpa yeye haki ya kuchagua. Mwenye karatasi alisikilizwa. Mwenye kusema tu kwamba babu yangu alinihadithia, aliambiwa aende akatafute karatasi. Sheria ya tarehe 19 Desemba 1864 iliziondoa bursi hizo mikononi mwa wasimamizi wa kila mahali, ikaziweka chini ya komisioni moja katika kila provensi. Wakatoliki walilalamika sana juu ya sheria hiyo, nao walikuwa na sababu. Lakini komisioni hizo ziliendelea kugawa feza, na katika karne ya 20 watoto wa Ubelgiji walikuwa wakiendelea kusoma kwa msaada wa wakanoniko waliokufa kabla ya mapinduzi.

Upande wa majengo na heshima mambo yalikwenda vingine. Maaskofu wa Ubelgiji walianzisha universite ya Kikatoliki Mechelen mwaka 1834, wakaihamishia Leuven mwaka 1835. Mioyoni mwa watu ilikuwa ni ileile iliyofufuka. Mahakama hayakuona hivyo. Mwaka 1846 mahakama ya kasasyo, yaani ya juu kabisa, ilitamka kwamba universite hii ya Kikatoliki haiwezi kuhesabiwa kuwa inaendeleza ile ya kale. Jina ni moja, mji ni mmoja, imani ni moja, lakini mbele ya sheria aliyekufa mwaka 1797 amekufa, na huyu ni mtoto mwingine. Neno hilo ni gumu, lakini mimi nafikiri mahakimu walisema yaliyo ya haki. Mwendelezo wa moyo na mwendelezo wa mali ni mambo mawili.

Tarehe 25 Agosti 1914 askari Wadachi walitia moto Leuven. Maktaba ya universite iliteketea usiku ule pamoja na vitabu kadiri ya 300 000 na maandiko ya mkono mengi sana, ambayo mengine hayakuwa na mwenzake duniani. Maktaba mpya ilifunguliwa mwaka 1928, na Mei 1940, katika vita vya pili, ikaungua tena. Lakini karatasi za mali za koleji hazikuwa Leuven siku ile ya 1914. Zilikuwa Bruxelles, pale zilipowekwa na Leta. Mwaka 1927 profesa Henry de Vocht alichapisha orodha ya maandiko hayo ya universite ya kale, na kati ya miaka 1951 na 1955 akatoa mabuku manne makubwa juu ya historia ya Koleji ya Lugha Tatu. Tunamjua Goclenius na mshahara wake, tunaijua kazi ya Gilles kwa ajili ya marehemu ndugu yake, kwa sababu wale waliofuta koleji walikuwa waangalifu kuliko wale walioipenda. Jambo hilo linanisumbua kila nikilifikiri.

Sasa turudi kwetu. Universite ya Leuven ilianza kazi katika Kongo mwaka 1926, kwa matibabu huko Kisantu. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 juu ya kilima cha Amba, karibu na Kinshasa, chini ya rektori Mgr Luc Gillon. Mwaka 1967 alimfuata mwana wa inchi, Mgr Tharcisse Tshibangu. Mwaka 1971 Leta iliichukua Lovanium, ikaiunganisha na universite za Kisangani na Lubumbashi kuwa Universite moja ya Taifa ya Zaire. Mwaka 1974 fakulte ya teolojia ilitolewa humo, maaskofu wakaipokea. Mwaka 1981 universite kubwa iligawanywa tena kuwa tatu. Fakulte ile ya teolojia ilikua, ikawa Fakulte Katolika za Kinshasa mwaka 1987, na tangu mwaka 2009 inaitwa Universite Katolika ya Kongo. Basi, mrithi wa Lovanium ni nani? Mwenye majengo juu ya kilima ni universite ya Leta. Mwenye teolojia ni universite ya maaskofu. Kila mmoja anaadhimisha siku zake, na maneno ya mahakimu wa 1846 yangefaa kusomwa katika sikukuu zote mbili.

Mashule yetu nayo yalipita njia inayofanana. Leta iliyachukua mwishoni mwa mwaka 1974. Kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 uongozi wake ulirudishwa kwa Kanisa. Na kuhusu udongo, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi yote ya inchi ni mali ya Leta, na kwamba anayeikalia anapewa haki ya kuitumia, ikithibitishwa na cheti cha kuandikishwa. Mwenye cheti amelindwa. Mwenye wazee watatu na majibu matatu hajalindwa, hata kama wazee wenyewe ni watu wa heshima, kama walivyo wetu.

Kuhusu fasi ya kanisa letu, msomaji atataka kujua tumefika wapi. Mjane wa katekista wa zamani ametuletea daftari moja iliyoliwa na mchwa upande wa chini. Ndani yake kuna orodha ya siku za kazi za wale waliochoma matofali, na kipimo cha shamba kwa hatua, kutoka mti wa mvule mpaka kijito. Mti ulikatwa zamani. Kijito kipo. Wanafunzi wa shule ya sekondari wanainakili daftari hiyo kwa mikono miwili, yaani nakala mbili, moja itakaa parokiani, ya pili itapelekwa kwa askofu. Tena, Mapadri Weupe walikuwa na sharti, tangu wakati wa Kardinali Lavigerie, kwamba kila misioni iandike buku la habari za kila siku, na mabuku hayo yanatunzwa Roma katika nyumba yao kuu. Tumeandika barua huko kuomba kurasa za miaka ya mwanzo. Siku kitabu hiki kilipopelekwa kuchapwa, jibu lilikuwa halijafika.